Siku moja na fonti: kutoka darasani hadi kwenye kadi ya mchango

Saa 11:30 alfajiri

Naishi Kimara, Dar es Salaam, na raha ya kukaa mwanzo wa njia ni kwamba ukiwahi kituoni unapata kiti kwenye mwendokasi. Wenzangu wakikaa wanasinzia. Mimi tangu nianze kusomea usanifu wa michoro usingizi wa kwenye basi umenitoka, maana kila bango nalisoma, tena sisomi linachosema. Nasoma herufi zake. Ile famasi ya karibu na Ubungo imeandikwa kwa Arial, fonti (yaani mtindo wa herufi) ya kompyuta, iliyovutwa upande mpaka O imelala chali. Saluni ya jirani yake imetumia herufi za mwandiko zilizosokotana, na jina la mwenye saluni sijalijua hadi leo.

Ninazozipenda ni daladala zinazokatiza Magomeni kwenye Barabara ya Kawawa. Fundi aliyeandika MWANANYAMALA alipewa ubao mfupi na jina refu. Akazibana herufi kwa brashi, bila kompyuta, na bado unazisoma ukiwa ng'ambo ya barabara. Na asiyejua kusoma ana mstari wa rangi ubavuni mwa gari wa kumwambia njia.

Saa 2 asubuhi

Mwalimu wetu wa taipografia, fani ya kuchagua na kupanga herufi, hana tabia ya kuanza na historia. Aliingia na karatasi kubwa mkononi, akazibandika ukutani moja moja. Zote zina maneno yaleyale: Duka limefungwa. Rudi kesho. Kinachobadilika ni fonti tu. Akageuka: "Haya, niambieni. Mwenye duka ni nani, na kwa nini amefunga?"

Karatasi ya kwanza ilikuwa Bodoni. Giambattista Bodoni alikuwa mchapaji wa mji wa Parma, Italia, katika karne ya 18, na herufi zake zina mistari ya wima minene inayoungana na mingine myembamba kama uzi. Darasa halikuchelewa: hilo ni duka la manukato Masaki, na mwenyewe yuko Dubai. Ya pili, Cooper Black, nene na ya mviringo, ilichorwa na Oswald Cooper kule Chicago mwaka 1922. Hapo wote tukakubaliana kwamba ni mama wa keki, unga umemwishia. Comic Sans: mwalimu wa chekechea mwenye kibanda cha madaftari, kaenda kumfuata mtoto.

Ikaja Times New Roman. Kimya kidogo, halafu sauti ikatoka nyuma: "Hilo limefungwa na serikali."

Tulicheka sana, lakini mimi nilibaki naifikiria hiyo hadi chai. Fonti hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti. The Times la London lilianza kuchapwa nayo Oktoba 1932. Stanley Morison ndiye aliyesimamia kazi na Victor Lardent ndiye aliyechora, na shabaha ilikuwa maneno mengi yaenee kwenye safu nyembamba na bado yasomeke. Darasani hakuna aliyewaza gazeti. Sisi tumekutana nayo kwenye karatasi za mitihani, barua za wito na matangazo ya ofisini yenye muhuri. Kwa hiyo ikisema duka limefungwa, tunasikia kofuli.

Mwenzangu mmoja alibisha kwamba tabia iko kwenye umbo lenyewe, kwamba herufi ya mviringo ni laini hata kwa mtu asiyeijua. Ana hoja. Cooper Black huwezi kuiandikia hukumu ya mahakama hata ukijaribu vipi. Ila Mwalimu akatusimulia Comic Sans ilivyozaliwa. Mwaka 1994 Vincent Connare, akiwa Microsoft, aliona programu ya kompyuta yenye mbwa wa katuni anayeongea, na maneno ya mbwa yameandikwa kwa Times New Roman. Akaona haiwezekani mbwa aongee hivyo, akachora herufi za kibonzo. Hazikuwahi kuingia kwenye programu ile, lakini zikasambaa na kompyuta za Windows dunia nzima. Wabunifu wa Ulaya na Marekani wanaicheka fonti hiyo. Hapa mtaani kwetu ni ya kadi za ripoti za watoto na kuta za shule za awali, na sijawahi kumsikia mzazi akiilalamikia.

Halafu akaongeza jaribio la Errol Morris, mtengenezaji wa filamu wa Marekani. Mwaka 2012, kupitia tovuti ya New York Times, aliwauliza wasomaji kama wanakubaliana na dai fulani, na kumbe dai lilikuwa linatokea kwa fonti tofauti kwa wasomaji tofauti. Walijibu watu kama 45,000. Waliolisoma kwa Baskerville ndio waliolikubali zaidi, ingawa tofauti ilikuwa ndogo. John Baskerville wa Birmingham alibuni herufi hizo katika karne ya 18. Mimi nikajiuliza wangejibu nini abiria wa daladala ya Mbagala, ambao Baskerville hawajawahi kuiona ikiwapa habari njema wala mbaya. Pembeni mwa daftari nikaandika: fonti inazaliwa na nusu ya tabia, nusu nyingine inaiokota barabarani.

Saa 5 asubuhi

Tukagawana fonti, kila mtu achunguze maisha ya moja. Mimi nimeangukiwa na Neuland.

Hata kama hulijui jina, umeiona. Herufi kubwa tupu, nzito, kingo kama zimechongwa kwa shoka. Pita Arusha mbele ya ofisi za utalii, au itazame kwenye fulana za uwanja wa ndege: neno SAFARI likiandikwa kwa herufi nzito za kuchongwa, ujue ni Neuland au ndugu yake. Aliyeichonga ni Rudolf Koch, Mjerumani wa Offenbach, mwaka 1923, kwa kiwanda cha herufi cha Klingspor. Aliikata moja kwa moja kwenye chuma bila kuichora kwanza, ndiyo maana kingo zake hazijanyooka na umbo la herufi linabadilika kidogo kutoka ukubwa mmoja hadi mwingine. Afrika haimo kabisa kwenye hadithi hiyo. Baadaye huko Marekani wachapishaji wakaanza kuiweka kwenye majalada ya vitabu vya watu weusi na vya Afrika, na mwaka 1993 ikaonekana kwenye nembo ya filamu ya Jurassic Park. Yaani sisi na dainosaria tumepewa herufi moja.

Nilisema wazi darasani kwamba inaniudhi. Mwenzangu anayefanya kazi za muda kwa kampuni ya utalii akanijibu kwamba mteja wake anaitaka hiyohiyo, kwa sababu mtalii akiiona anajua amefika. Hiyo ni kweli ya biashara, na sikuwa na la kumjibu palepale. Ila kama kinachotafutwa ni herufi iliyokulia huku, kuna mahali pa kuitafuta, na ni mwendo wa dakika chache tu kutoka Mnazi Mmoja.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama lishe. Ubao wake wa chaki una mwandiko mzuri kuliko wa nusu ya darasa letu. Tuendelee.

Saa 8 mchana

Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya kanga. Nilimwamkia mama mwenye duka shikamoo, akaitika marahaba, nikamweleza kuwa sinunui leo, naomba nipige picha majina. Akanitazama kidogo. "Piga tu mwanangu, ila usizikunjue."

Jina la kanga ni yale maandishi yanayokaa chini ya mji (ile sehemu ya katikati), juu ya pindo. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ndipo zikaja za Kirumi. Mombasa kuna jina la familia ya kibiashara ambalo kila mpenda kanga analijua, Kaderdina Hajee Essak, maarufu kama Mali ya Abdulla. Nilichokifuata mimi si maneno, ni umbo. Nikapanga picha zangu na kuziangalia pamoja: herufi kubwa zote, hazina serifu (vile vimiguu vya kwenye ncha za herufi), unene unalingana kutoka juu mpaka chini, na nafasi kati ya herufi ni pana kuliko ambayo ningeiweka mimi kwenye karatasi.

Kila kimoja kina sababu yake. Wino kwenye pamba hausimami pale ulipowekwa, unasambaa kidogo kwenye nyuzi, kwa hiyo tundu la A na la R yasipokuwa na nafasi yanaziba. Mistari myembamba inakatika. Halafu kanga haisomwi imetulia mezani. Inasomwa ikitembea, imekunjamana, na msomaji yuko nyuma.

Nilikuwa na jaribio kwenye simu: WEMA HAUOZI, mara ya kwanza kwa herufi za kanga, mara ya pili kwa Bodoni. Nikamwonyesha mama. Ya Bodoni akaisogeza mbali na macho, akairudisha. "Hii nzuri, lakini ya mfuko wa duka. Jina la kanga linasomwa na mtu uliyemgeuzia mgongo. Hii ataisomaje?"

Darasani tungehitaji kipindi kizima kufika hapo.

Saa 10:30 jioni

Jioni nafanya kazi steshenari: kutoa kopi, kuprinti, kulaminisha vitambulisho, na zaidi ya yote kadi za mchango wa harusi. Wasiozijua ni hivi: kabla ya mwaliko kuna kadi ya kuomba mchango, na siku hizi nyingi hazichapwi kabisa. Zinatumwa WhatsApp kama picha.

Mteja wa leo ni mama wa bwana harusi. Amekuja na kadi ya jirani yake kwenye simu na anataka kama ile, ila "yenye heshima zaidi". Heshima, kwake na kwa karibu kila mteja wangu, maana yake ni fonti ya mwandiko wa mkono: Edwardian Script, ambayo Ed Benguiat aliichora mwaka 1994, au Monotype Corsiva. Hiyo Corsiva ni ya Patricia Saunders, mwanamke aliyeshirikiana na Robin Nicholas kuchora Arial mwaka 1982, kwa hiyo steshenari nyingi za Dar zinaishi kwa mkono wake na hazijui.

Shida ilianza aliposema jina la familia liandikwe lote kwa herufi kubwa. Herufi kubwa za mwandiko zimechorwa kila moja ianze neno, ikifuatwa na ndogo. Ukizipanga peke yake, kila herufi inarusha mikia yake juu ya mwenzake. Nikamwandikia FAMILIA vile alivyotaka, nikamtumia kwenye simu yake palepale dukani.

"Mbona sioni hapa katikati?"

"Mama, mistari yake ni myembamba, na simu inaipunguza picha. Tuache majina ya maharusi kwa mwandiko, herufi ya kwanza tu iwe kubwa. Haya mengine tuyaweke kwa herufi za kawaida."

"Isije ikaonekana ya bei rahisi."

Tukakubaliana: majina ya maharusi kwa mwandiko, katikati, makubwa, jina la familia kwa herufi kubwa zenye serifu, zilizoachiana nafasi, namba ya kutuma mchango kwa herufi nene za kawaida. Nilitaka kuiweka namba kwa Futura, ile ya Paul Renner ya mwaka 1927 ambayo kila mwanafunzi wa usanifu hupitia kipindi cha kuipenda. Nikaijaribu kwanza kwenye mstari wa wanakamati. Neno kaka likawa linasomeka kama koko, kwa sababu a ya Futura ni duara lenye kijiti, na ikiwa ndogo kijiti kinamezwa. Kwa Kijerumani labda haisumbui sana. Kwa Kiswahili, ambako a iko kila mahali, dada anageuka embe dodo mbele ya wakwe. Nikachukua Open Sans, ambayo a yake ina kikono juu na tumbo chini, na ni ya bure.

Saa 1:30 usiku

Mwendokasi, nimesimama, mkoba kifuani. Hakuna cha kusoma isipokuwa shingo za watu.

Saa 3 usiku

Kazi ya Ijumaa ni kupanga neno moja kwa herufi kubwa, kwa mkono, nafasi zote zikionekana sawa kwa jicho. Wengine wamechagua majina yao. Mimi nimechagua KAWAWA, kutoka kwenye kibao cha barabara ninayoikatiza kila siku, na sasa naelewa kwa nini Mwalimu alitabasamu. Hakuna mstari wa wima isipokuwa ule wa K, iliyobaki karibu yote ni mishazari. A na W zinaingiana vizuri ukizisogeza, lakini K na A zinagusana miguu huku juu kumeachwa shimo. Ukiziba shimo, miguu inapandana. Kilichosaidia ni kuilegeza AWAWA yote ilingane na ile K, badala ya kuing'ang'ania K peke yake. Bando likaisha nikiwa natafuta picha ya kibao chenyewe.

Nikanunua jingine, na ujumbe wa kwanza kuingia ulikuwa wa mama wa harusi. Kadi ameipenda, kamati nayo imeipenda, ila namba ya mchango ikuzwe. Ikuzwe zaidi ya majina ya maharusi, kama inawezekana.

Nimeikuza, nikapunguza jina la ukumbi, nikamtumia. KAWAWA nitaiprinti kesho chuoni, kama mashine itakuwa na wino.