Radi na wale kumi na nane

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii usingizi umenipa shida, mvua za huku kaskazini mnazijua, na kila radi ikipiga nakumbuka swali la binti mmoja wa Sande skuli kuhusu wale waliopigwa na radi ibadani kwenye kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda: wale si walikuwa wanaomba, mbona Mungu akawapiga? Mzee mmoja akamkatiza palepale, nyamaza, hayo hayaulizwi. Nimeibeba hiyo nyamaza wiki nzima.

Maana mtoto ana haki. Tarehe 2 Novemba 2024 kule Palabek, wilaya ya Lamwo, watu 14 walikufa ibadani, wengi wao watoto. Na 2011 kule Kiryandongo radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya ikaua wanafunzi 18. Haya, fungua Luka 13. Walioangukiwa na mnara wa Siloamu walikuwa wangapi? Kumi na nane! Na Yesu akauliza, mnadhani hao walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu? Akajibu mwenyewe, sivyo. Sasa sisi walokole tumetoa wapi habari ya kwamba nyumba iliyopigwa ina laana, au yule bibi wa jirani ndiye katuma radi? Nuneni tu lakini nitasema, kuna wajane wanaogopwa na kutengwa kijijini kwa maneno yaliyotoka midomoni mwetu, midomo hiyohiyo iliyotoka kuimba Haleluya. Kama umewahi kumsema mama wa watu hivyo, nenda kwake kabla ya Jumapili, ukae naye, umwombe msamaha.

Na watoto tuwajibu jamani. Umeme ukipita hewani unaichemsha mpaka karibu nyuzi 30,000, hewa inatanuka kwa ghafla, mlio wake ndio ile ngurumo. Mwanga unauona papo hapo ila sauti inachukua kama sekunde tatu kwa kila kilomita, kwa hiyo mwache ahesabu, akifika tisa ajue iko kilomita tatu hivi na hapo bado ni karibu sana, aingie ndani. Zaburi 29 haipungui hata neno moja kwa kujua hayo, mimi sasa naisoma nikitetemeka zaidi.

Kitu kingine kinachoniuma ni hiki, mtu akipigwa wengi wanasimama mbali, wanasema ukimgusa na wewe utakufa. Si kweli. Mwili wake haubaki na umeme. Pengine moyo wake umesimama, na hapo ukiwahi kumkandamiza kifua kwa nguvu, harakaharaka, bila kuacha, huku mwingine anapiga simu, anaweza kurudi. Yule Msamaria hakuuliza kwanza huyu kafanya dhambi gani, alishuka akamgusa! Kuhani na Mlawi ndio waliopita kando, na ninyi mnajua walikuwa watu wa kanisa.

Mwisho, paa letu. Tuna mabati juu ya nguzo za miti, pembeni wazi, hakuna chuma cha kukinga radi wala waya wa kuupeleka umeme ardhini. Kwa hiyo kukinguruma ibada inasimama, tunahamia kwenye madarasa ya shule pale jirani, yale ya matofali, tunangoja nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Fundi nimeshaongea naye, anakuja Jumamosi kupima. Mwenye waya wa shaba nyumbani aje nao.