Siku moja maishani mwangu: ndoo tatu na daftari la mwani

Saa kumi na moja kasorobo, alfajiri

Mtoto ndiye saa yangu. Ana miezi 14, na kila siku kabla ya adhana hulitafuta ziwa kwa mkono, macho bado kayafumba. Namnyonyesha nimelala ubavu huku naisikiliza nyumba. Uani seredani inapepewa: huyo mavyaa wangu, anabandika chai. Mlango wa nyuma unafunguka, ndoo zinagongana: huyo binti yangu wa miaka 13, anawahi mferejini kabla maji hayajakatika. Chumbani kwa mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 11, kimya. Amelala.

Huu mwaka wa tisa natetea haki za wanawake hapa Chake Chake, Pemba. Nimesimama mbele ya masheha, nimezungumza redioni, nimewafundisha kina mama wenzangu kuandika malalamiko yao. Na kila alfajiri nazisikia ndoo zile na nanyamaza, kwa sababu nikiinuka mtoto atalia, na maji yasipochotwa nitalikosa gari. Naliandika hili mwanzo kabisa, nisije nikalificha chini ya mengine.

Saa moja asubuhi

Chai, boflo, mbaazi za jana zilizopashwa moto. Mume wangu ni mwalimu. Humpakia mwanawe wa kiume kwenye baskeli wakaenda skuli pamoja, na siku nyingine hufua nguo za mtoto. Majirani huniambia nina bahati, mume "ananisaidia". Neno hilo halinikai. Husaidiwa mwenye kazi yake, na mimi sikumbuki siku niliyoandikishwa kuwa nguo za mtoto ni zangu peke yangu.

Navaa buibui, mavyaa ananitazama na mtoto keshampakata.

"Unakwenda tena, na mtoto hajapoa kifua?"

"Nakwenda, mama. Saa nane inshallah nimerudi."

"Haya. Lakini pepo yako, mkaza mwanangu, iko humu ndani."

Simjibu. Mwanamke huyu kazaa watoto saba na kazika wawili. Aliachwa akiwa mtu mzima, akarudi kwao na sanduku moja. Hajapata kunihadithia, nimeyasikia kwa watu. Ndiye anayebaki na mtoto wangu kila ninapotoka, na bila magoti yake harakati zangu zingeishia kizingitini. Wanaozungumzia ukombozi wa mwanamke bila kumtaja bibi anayebaki na mtoto, huwa najiuliza wao watoto wao wanabaki na nani.

Saa mbili

Gari ya Micheweni. Nimekaa dirishani, karatasi mapajani.

Mtaani wapo wanaoniita Beijing. Jina lilitoka na ule mkutano wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995, ambao katibu mkuu wake alikuwa Mtanzania, Gertrude Mongella, na tangu hapo mwanamke akidai chake huambiwa kaleta Beijing. Sichukii. Ila mengi ninayoyasema sikuyatoa Beijing. Niliyatoa chuoni, nina miaka kumi, nimekaa juu ya jamvi. Suratu Nisaa aya ya 32: wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mwalimu wetu alitusomesha tukaihifadhi. Hakuna aliyetuambia kwamba siku moja tutaihitaji mbele ya kadhi.

Bibi ninayemfuata leo ameachwa baada ya miaka 21 ya ndoa na watoto sita. Nyumba ya mawe waliyoijenga imebaki kwa mume, na tayari kuna mke mpya anayepika katika jiko lile. Yeye yuko kwa kaka yake. Eda imekwisha. Wiki ijayo anasimama kwa kadhi, na ataulizwa swali moja: mchango wako katika nyumba hii ni upi?

Saa nne

Bamvua. Maji yamekwenda mbali na ufuo mzima umejaa wanawake, wameinama. Namkuta kwenye kamba zake za mwani, maji ya magoti, anafunga mbegu kwa taitai, vile vikamba vyembamba, kidole juu ya kidole bila kutazama. Navua viatu, napandisha buibui, naingia.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, upande wa mashariki ya Unguja, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Tangu hapo hadi leo walio wengi katika kazi hii ni wanawake. Mwani ulipokuja, mama zetu walishika fedha ya mkononi ambayo haikupitia mfukoni mwa mtu, na wengi waliinunulia madaftari ya skuli na mabati. Huyu alinunua mabati. Aina yenye bei nzuri, kotonii, siku hizi inakufa kwa maji kupata moto, wamebaki na spinosum, ambayo bei yake ni ndogo. Anaeleza yote hayo huku mikono haikomi.

Tukatoka, tukakaa chini ya mkungu. Nikatoa daftari. "Mama, leo nataka tuandike kazi zako zote za miaka 21. Za mwani na za nyumbani. Moja moja."

Akaanza na mwani bila taabu. Kamba ngapi, wiki sita za kungoja mpaka kuvuna, kuanika, kubeba. Mabati alinunua lini. Risiti iliandikwa jina la mume, kwa sababu mume ndiye aliyekwenda dukani.

Nikamwambia, "Na ya nyumbani?"

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema neno ambalo limekaa nami siku nzima.

"Mwanangu, hayo si masimango?"

Aliyekulia kwetu anajua uzito wa neno hilo. Kumsimanga mtu kwa ulichompa ni aibu, na zaidi ya aibu ni hasara ya akhera: Suratu Baqara aya ya 264 inatukataza kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Mama huyu alipika miaka 21, na anaogopa akiitaja sufuria moja mbele ya kadhi, thawabu zote zitamwagika. Si mjinga. Anamcha Mungu kuliko aliyemtoa nje. Na mimi, pamoja na semina zangu zote, sijapata kuona hoja inayomziba mwanamke mdomo vizuri kama hii, kwa sababu anajiziba mwenyewe, na anajiziba kwa jambo jema.

Nilifikiri sana kabla ya kumjibu. Kisha nikamuuliza kama anaikumbuka Suratu Talaq, aya ya sita. Anaikumbuka. Nikamwomba aniambie inasemaje kuhusu mwanamke aliyeachwa anayemnyonyesha mtoto. Akasema polepole, "Wapeni ujira wao."

"Ujira, mama. Mungu hakusema sadaka."

Ziwa la mama kwa mwanawe mwenyewe, hilo ambalo hatufikirii hata kulitaja kuwa kazi, limewekewa ujira likishatoka ndani ya ndoa. Basi sijui nani kati yetu alipata ruhusa ya kusema kwamba kuni, maji, na kukesha na mgonjwa haviwezi kuandikwa. Sadaka ni ile unayoitoa kwa hiari yako kutoka katika kilicho chako. Kilichochukuliwa kwako kikaitwa wajibu, kisha ukafukuzwa nacho, kukitaja si kusimanga. Ni ushahidi.

Alitazama bahari muda mrefu. Maji yalikuwa yanaanza kurudi. Akasema, "Andika. Kuni. Tangu mwezi wa kwanza wa ndoa."

Saa sita

Wakala anayenunua mwani ana madaftari yake, kilo na majina, na alikubali tunakili miaka sita. Bibi alishika ukurasa wenye jina lake, akapitisha kidole juu yake mstari kwa mstari.

Hapa ndipo palipo na shida yetu. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imempa kadhi uwezo wa kugawa mali ya wanandoa pale ambapo kila mmoja ana mchango wake hasa. Hiyo ni hatua, na waliopigania kabla yetu nawaombea kila la kheri. Lakini mchango unataka uthibitisho, na chakula kilishaliwa. Mtoto aliyeuguzwa alishapona. Kilo za mwani zina daftari, sufuria haina. Kule bara, Mahakama ya Rufani ilikwishasema mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana mali. Bi Hawa mwenyewe aliondoka mikono mitupu, maana mahakama iliona fungu lake alikwisha kulitumia, lakini kauli imewafaa wengi baada yake. Ila ilisimama juu ya Sheria ya Ndoa ya 1971, na sheria ile haivuki bahari kuja Zanzibar. Kwetu inabidi tuifikie haki kwa njia yetu, na mimi naamini njia ipo, na imeandikwa zamani kuliko mahakama zote.

Saa nane na nusu

Gari limechelewa. Maziwa yamejaa, kifua kinauma, kanga niliyoikunja ndani ya nguo imelowa. Wanaume wawili mbele yangu wanajadili mpira. Nafumba macho, namwona mwanangu analia, najua halii, najua bibi yake kampa uji, na najua haya yote hayanipunguzii kitu. Sitaki kusema uongo kuwa kazi ninayoipenda haininyang'anyi chochote. Inaninyang'anya.

Saa tisa na nusu

Ofisini. Nimemnyonyesha kwanza nyumbani, nimekuja naye mgongoni.

Mama mmoja ananingoja. Binti yake alipigwa na mumewe mpaka akavunjika mkono, na wiki iliyopita mama huyu alikuwa tayari kutoa ushahidi. Leo amekuja kujitoa. "Muhali, mwanangu. Mkwe wangu ni mtoto wa dada yangu."

Tangu 2021 tuna mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji, na hata mahakama nzuri vipi haiwezi kumhukumu mtu ambaye shahidi wake kabaki nyumbani kwa muhali. Sikumkaripia. Muhali, huko kuoneana haya sisi kwa sisi, ndio uliotulea: ndio unaofanya jirani akuletee sahani, ndio unaowafanya ndugu wasikatane. Nilimwomba tu aniambie, huu muhali, mbona binti yake hakuonewa na mtu? Akalia. Hatukukubaliana leo. Atarudi Alhamisi, au hatarudi.

Baada ya isha

Watoto wamekula, muhogo wa nazi na dagaa. Binti yangu ameosha vyombo, anafanya hesabu zake za skuli kwenye mwanga wa simu. Mdogo wake kalala tena.

Nasafisha orodha ya yule bibi, naiandika kwa mwandiko wa kusomeka. Kuni. Maji. Kupika mara tatu kwa siku. Kuzaa mara sita. Kuchambua karafuu za shamba la mume kila msimu. Kuwapikia mafundi wa nyumba, miezi minane. Mavyaa kaniuliza nasoma nini, nikamsomea kwa sauti. Nilitarajia anitajie pepo.

Alisikiliza hadi mwisho, mkono juu ya mgongo wa mtoto.

"Umesahau kuuguza," akasema. "Huyo mume ana mama?"

"Alikuwa naye. Kafa mwaka juzi."

"Alimuuguza nani?"

Nikapiga simu pale pale. Yule bibi aliitika kwa sauti ya usingizi. Alimuuguza yeye, miaka miwili, kitandani, kumgeuza na kumwosha. Hakufikiri kuwa ni kitu cha kuandika.

"Andika," akasema mavyaa. "Na mtungi. Mimi maji ya kujengea nilichukua kwa mtungi, kutoka kisimani, nyumba nzima. Nilikuwa na mimba ya baba yao." Akamwonyesha mwanangu kwa kidevu. Kisha akajifunika ukaya, akamchukua mtoto, akaingia ndani. Miaka 15 niliyoishi naye, hilo ndilo neno la kwanza kunipa kuhusu nyumba ile.

Nilibaki na kalamu mkononi. Binti yangu alikuwa ameacha hesabu zake, anatutazama.

"Mama, bibi alichota ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda mlango wa nyuma, ndoo zetu tatu ziko pale zimefunikizwa, tayari kwa alfajiri. Nimeiacha moja. Mbili nimezichukua taratibu nisimwamshe, nimeziweka chini ya kitanda cha mdogo wake, upande anaoshukia.