Daktari mpya, Baba mpya

Wiki hii nimerudia Doctor Who, si yote, naangalia zile episodi za kugeuka tu. Kwa asiyeijua, ni sirizi ya BBC kule Uingereza, ilianza Novemba 1963 na mpaka leo ina watu wake, inahusu msafiri wa wakati anayeitwa Daktari, basi, jina lingine halijulikani, anatembea na kibanda cha polisi cha rangi ya buluu ambacho ukiingia ndani ni kikubwa kuliko kilivyo nje, na karibu kila safari ana mwenzake, mara nyingi mtu wa kawaida tu, msichana wa dukani, mwalimu wa skuli. Sasa huyu Daktari akifikia kufa hafi. Mwili wote unageuka, anainuka na uso mwingine, sauti nyingine, na tabia nyingine, na hapo kwenye tabia ndo pagumu manake sura mtu huizoea.

Wapenzi wa hii sirizi kila siku wanabishana Daktari yupi bora. Mimi sai namwangalia yule mwenzake, yule amesimama kando, anamuona mtu wake anawaka mwanga kisha anabaki mgeni ndani ya nguo zilezile, na mgeni huyo anamuita kwa jina lake kama kwamba hapajatokea kitu. Hakuna anayemuuliza yeye anajisikiaje, kila mtu anashughulika na aliyegeuka.

Baba alipata kiharusi mwaka jana. Alikuwa nahodha, mtu wa maneno machache, akiingia nyumbani hata sisi watu wazima tulipunguza sauti ya TV. Sai upande wa kulia umelegea, mdomo umekwenda kando kidogo, maneno yanamtoka moja moja, na analia. Analia akisikia adhana, analia akiletewa mjukuu, na anacheka pia mahali si pa kucheka, matangani kwa jirani alicheka mpaka ikabidi mdogo wangu amtoe nje. Mtu wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo, alitueleza kuwa ni ubongo, ile sehemu inayozuia kilio na kicheko imeguswa, si kwamba ana huzuni kiasi hicho wala furaha kiasi hicho. Tukaelewa. Lakini nyie, mtu ambaye maisha yako yote hujamuona na chozi, leo unampangusa machozi kwa kanga asubuhi na jioni, kule kuelewa kunakusaidia wapi?

Ndo maana Clara, mmoja wa hao wenzake Daktari, ananiuma. Ni ile episodi ya Agosti 2014, Daktari wake alikuwa Matt Smith, kijana mchangamfu, alichaguliwa akiwa na miaka 26 tu, hakuna aliyekuwa mdogo kuliko yeye, halafu anageuka anakuwa Peter Capaldi, ana miaka hamsini na kitu, mvi, nyusi za ukali, anaongea Kiskoti na hana adabu kabisa. Na Clara si kwamba alikuwa hajui. Clara alishaziona sura zake zote za nyuma, alishaingia ndani ya maisha yake tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna binadamu aliyejua habari za kugeuka kumshinda yeye. Bado anasimama pale London ya zamani anamuuliza rafiki yao Madame Vastra watamrudisha vipi alivyokuwa. Watu walimsema sana Clara kwa hilo, ati mbona anajali sura. Mimi nampa haki yake, kujua kwake kote kulikuwa kuhusu Daktari wa watu wote, na aliyepotea pale ni Daktari wake yeye.

Mwisho wa ile episodi simu inaita. Clara anapokea, ni yule Daktari wa zamani, alipiga kabla hajageuka akiwa sayari ya Trenzalore, anamwambia ikiwa yeye Clara anaogopa basi huyo aliye naye anaogopa zaidi, amsaidie, asimwache. Na wakati simu inaongea, yule mpya amesimama palepale anangoja, anajua ni nani anapiga kwa sababu aliyepiga ni yeye. Kisha anamwambia Clara maneno ambayo mimi nliyasimamisha nikatoka nje kukaa barazani kwanza, anamwambia unanitazama lakini hunioni, na anamuomba amuone. Clara anasogea, anamtazama vizuri, anamshukuru kwa kupiga simu. Anamkumbatia, na jamaa anasema hadhani kama siku hizi yeye ni mtu wa kukumbatiwa, anaambiwa hilo hana kura.

Kwetu imekuwa kinyume, Baba ndo hakuwa mtu wa kukumbatiwa na sai ukipita karibu na kitanda anakushika mkono kwa ule wa kushoto na hauachii.

Hii mambo ya kugeuka yenyewe ilitokana na ugonjwa, na hii sikuijua mpaka juzi. Mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, afya ilikuwa inamshinda, mishipa ya damu ilikuwa inakakamaa na kukumbuka maneno ya kuigiza kulimpa tabu, na BBC hawakutaka kuifunga sirizi yao. Wakaamua Daktari ageuke. Oktoba 1966 anaanguka chini ndani ya kile kibanda, mwanga unamjaa usoni, anayeinuka ni Patrick Troughton. Zaidi ya miaka hamsini watu wanafurahia huu ujanja na chanzo chake ni mzee aliyekuwa anaumwa. Nlipomsomea Mama akasema "maskini," akaendelea kusukuma chapati, kisha baada ya muda akauliza, na mke wake?

Wenzake wa wakati ule ni wawili, Ben na Polly, na hakuna niliowapenda kama hao. Episodi zao zenyewe picha zilipotea, ilibaki sauti, ndo 2016 wakazichorea katuni na mdogo wangu anayo kwenye flashi. Polly anamkubali mapema. Ben anakataa katakata. Ben anaokota pete ya Daktari wa zamani anasema kama wewe ndiye yeye basi itakutosha, anaijaribu, haimkai. Na huyo mpya wala hamsaidii, anamzungumzia Daktari wa zamani kama mtu mwingine, anapuliza filimbi yake tu, maswali hajibu. Ben angefanya nini?

Baba naye ana pete, ya fedha, jiwe la akiki, alikuwa haivui hata baharini. Vidole vimekonda ikawa inaanguka, ilianguka bafuni, ikaanguka ndani ya bakuli la uji, shangazi akasema iwekwe tu kabatini isije ikapotea. Mama akaichukua akaizungushia uzi kwa ndani mpaka ikakaa, akamvisha. Hakusema kitu. Mama yuko hivo, tangu siku ya kwanza sijamsikia akisema "alivyokuwa". Akitaka kwenda harusini Mkomani, hapa hapa Lamu, anamuaga vilevile kama zamani, anasimama mlangoni na buibui lake amelivaa tayari na anangoja, na jibu la Baba siku hizi linachukua muda kutoka, wenzake wako nje wanamuita twende tunachelewa, yeye anangoja mpaka Baba aitike ndo atoke. Mimi nafikiri huyo ndiye Polly.

Sasa Ben anakuja kuamini vipi? Si kwa pete. Ni adui. Dalek, wale viumbe makatili wa ndani ya mashine ambao Daktari amepambana nao tangu zamani, anamtazama huyu mtu mwenye uso mpya na anamtambua. Marafiki wanababaika, adui hana shaka hata kidogo.

Nliposimuliwa hiyo na mdogo wangu nlipiga kelele, manake kwetu ilishatokea! Kuna mzee wa Matondoni, nahodha pia, yeye na Baba wameshindana mashua tangu ujana wao, Maulidi, mwaka mpya, kila palipo na mbio, na wana ugomvi wao mmoja wa zamani kuhusu nani alibisha mapema, yaani aligeuza chombo kuukata upepo, akamzibia mwenzake. Wageni wote waliokuja kumuona Baba waliingia kwa sauti ya chini. Huyu mzee aliingia akavua viatu, akasalimu, akakaa, na kabla kahawa haijaletwa akasema, "Hata hivyo siku ile ulinizibia upepo." Mama aligutuka. Baba akakaa kimya, tukadhani hajasikia, mdomo ukawa unahangaika, kisha akatoa, neno kwa neno, "Tanga lako... lilikuwa... bovu." Yule mzee akapiga paja akasema haya, mimi nimeshamuona mwenyewe, nileteeni kahawa. Wakagombana mpaka Alasiri, mmoja anaongea mengi mmoja anajibu kwa maneno mawili mawili, na kesho yake Baba alikubali kufanya mazoezi ya mkono bila kubembelezwa.

Na Rose pia nimemrudia, Krismasi ya 2005, Daktari wake amegeuka kisha akaangukia usingizi, karibu episodi nzima yuko kitandani na pajama za watu nyumbani kwa mama yake Rose, na Rose anakaa kando ya kitanda anahisi ameachwa na mtu ambaye yuko mbele yake. Hiyo sihitaji kueleza, nani kati yetu hajakaa kando ya kitanda. Kinachomuamsha ni mvuke wa chai, chai ya chupa imemwagika ndani ya mitambo ya kile kibanda. Kisha kwenye kupigana anakatwa mkono na unaota tena palepale, kwa kuwa bado yuko ndani ya masaa 15 ya mwanzo tangu ageuke. Mdogo wangu hapo aliizima. Tulijua sote anafikiria nini. Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha donge, lakini ina masaa manne na nusu, na lazima kichwa kipigwe picha kwanza kujua si mshipa uliopasuka, na sisi kutoka hapa kisiwani unavuka kwa boti hadi Mokowe kisha ndo uanze barabara ya Mombasa. Masaa yetu yaliishia njiani. Mkono haukuota tena palepale, unarudi kidogo kidogo na mpira wa kufinya na maji ya moto.

Iko moja siipendi na sitaipenda. 1984, Peri. Daktari wake alikufa kwa ajili yake, dawa ilikuwa ya kumtosha mtu mmoja akampa yeye, anageuka anakuwa Colin Baker, na episodi inayofuata anamkaba koo. Mwishoni anamwambia yeye ndiye Daktari, atake asitake. Mdogo wangu anasema alikuwa mgonjwa, akili haijatulia, asihukumiwe. Mimi nasema ugonjwa ni kweli na shingo ya Peri pia ni kweli, na nawajua kinamama hapa Langoni ambao waume zao walirudi wamebadilika, wengine kwa maradhi, wengine kwa unga, wakaambiwa vumilia ndiye mumeo yuleyule. Kumuona mtu aliyegeuka hakutaki umuachie shingo yako. Clara alipewa nafasi ya kuamua, na Daktari mwenyewe alingoja jibu. Peri aliambiwa tu. Hapo mimi na mdogo wangu hatujakubaliana na sidhani tutakubaliana.

Yeye anataka tuendelee na zile mpya za Ncuti Gatwa, huyo kazaliwa Kigali hapa Rwanda, mtoto wa Afrika Mashariki kawa Daktari, tutaziangalia inshallah, Baba anapenda rangi zake. Jana nlimuonesha Baba ule mwisho wa 1966, nikamueleza huyu mzee ndo amekuwa huyu. Akamtazama sana. Akauliza, "Anajua... njia?" Yaani kama anajua bado kukiendesha chombo. Nikamwambia anajua, ila mwanzoni alisahau sahau. Akacheka, na kile kicheko kilikuwa mahali pake.

Kwa hivyo mtakaokuja kumuona, na najua wengi wa Langoni na Mkomani mnasoma hapa, nina ombi. Mkifika mnakaa mbele yake kisha mnamuuliza Mama, "Anakula? Analala? Anatujua?" Anawajua. Yuko hapo, anawasikia, na akikosa kuulizwa yeye anageukia ukuta. Muulizeni yeye, mngojee jibu hata likichelewa, msimmalizie sentensi, na akilia msihamanike, mpeni leso muendelee na mlilokuwa mkisema. Kahawa iko tayari kila siku baada ya Isha. Na akianza kuwasema kuhusu matanga yenu, mjibuni.