Nilivopanga gemu ya maharamia bila kuwaburuta wachezaji

Sisi ni watano, kila Jumamosi baada ya isha twapanda darini kwa bibi yangu huku Mji wa Kale, Mombasa, birika la kahawa tungu, viazi karai, na gemu. Kwa asoijua, hii ni gemu ya mezani, mmoja wetu ndo masta, anasimulia, wengine kila mtu ana mtu wake anaemuigiza, masta anakwambia umefika mahali fulani, waona hivi na hivi, wafanyaje? Ukitaka kufanya jambo la hatari warusha dadu. Marekani wameanza kuziuza gemu hizi 1974 na wana madadu ya nyuso ishirini, sisi tuna yale ya ludo mawili na yatutosha.

Mwezi huo zamu ya umasta ilikuwa yangu nikasema nafanya maharamia. Nikaandika kurasa ishirini, si mchezo, ramani nikaichovya kwenye chai ionekane ya kale, hazina iko pangoni Mtwapa, mbele kuna uvizi, mwisho kuna msaliti, kila kitu nimekipanga mpaka maneno atakayosema yule msaliti akifa. Dakika ya kumi tu kijana wetu wa boda akasema, "Hii ramani twaiuza." Nikamwambia hakuna mnunuzi. Akasema basi twaipeleka Malindi, nikamwambia upepo mbaya. Kuona wamenuna nikawapa njia mbili, wapite mkono wa Tudor au wa Kilindini, wakabishana karibu nusu saa na kahawa ikapoa, wakachagua Kilindini, na mie nikawatilia uvizi uleule nilokuwa nimeuandika wa Tudor. Binamu yangu akanikodolea macho. "Kwa hivo tungepita Tudor tungekutana na hawa hawa?" Nikanyamaza. "Basi turudishie nusu saa yetu."

Iliniuma wallahi, manake alikuwa na haki. Mie nilikuwa nimeandika hadithi kisha nawaita watu waje wanisomee kwa sauti.

Wiki hiyo nikaitupa ile ramani, nikatafuta jambo ambalo hata mie sijui litaishaje nikiwatia watu wangu ndani, na kumbe liko hapa hapa kisiwani. Mwaka 1589. Mir Ali Bey, haramia wa Kituruki, yuko Mombasa ajenga ngome, watu wa mji wako nae kwa sababu wamechoka na Wareno. Ng'ambo ya Makupa, kivuko cha kutoka bara kuingia kisiwani, wamepiga kambi Wazimba, jeshi ambalo miaka miwili nyuma lilikuwa limeimaliza Kilwa, wangojea njia ya kuvuka. Na kutoka Goa, ngome yao huko India, zaja meli za Wareno, kama ishirini hivi. Mji mmoja, wenye njaa nao watatu. Wachezaji wangu nikawafanya mabaharia wa jahazi moja bovubovu, limejaa pembe za ndovu na mapipa ya baruti, liko bandarini na nahodha wao amekufa kwa homa.

Sikuandika hadithi tena. Nikakata manila vipande, kila upande kadi yake: wataka nini, wana nini, waogopa nini, na kama hakuna anaewagusa watafanya nini siku ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita. Hiyo ya mwisho ndo iliniokoa, manake wachezaji wakikaa tu wanakunywa tembo, dunia haiwangoji, siku ya tatu meli za Wareno zaonekana wapende wasipende. Na kila kadi nikaitafutia kitu ambacho ni jahazi lile tu laweza kuwapa. Bey ataka baruti. Wareno wataka rubani wa kuwapitisha. Watu wa mtaani wataka nafasi ya kukaa jahazini tu.

Jambo jengine, usimfiche mtu bei. Zamani nilidhani ukificha ndo gemu yanoga, siyo, mtu akichagua gizani hajachagua, amebahatisha. Kwa hivo serahangi wao, yaani mkubwa wa mabaharia, ambae ni mie namuigiza, aliwaambia wazi: jahazi lachukua watu arubaini mzigo ukibaki ndani, ukitupa mzigo wafika themanini. Huu ni mwezi wa tatu, kaskazi bado yavuma, kwenda kusini ni rahisi lakini huko Kilwa mmesikia yalotokea, kwenda Malindi ni kupigana na upepo na wenyewe ni marafiki wa Wareno. Sasa ile "upepo mbaya" niliyowadanganyia mara ya kwanza ikawa kitu cha kweli wanachokipigia hesabu.

Dadu nazo nikazirahisisha. Rusha mbili, kumi kwenda juu umepata, saba mpaka tisa umepata lakini walipa kitu, sita kwenda chini yamekuharibikia. Katika namna 36 za kuanguka, sita tu ni za raha kamili, kwa hivo mara nyingi hata ukishinda wachubuka.

Basi Jumamosi ikafika, stima ikapotea saa tatu tukachezea taa ya simu, na ilikuwa bora vile. Binamu yangu akataka kupanda Fort Jesus aangalie bahari, nikamwambia ngoja miaka minne, Wareno hawajaanza kuijenga. Jirani yetu msichana, asomea uhasibu, mtu wa hesabu mpaka kwenye maandazi, ndie alosimama akasema pembe zote baharini, watu waingie. Wa boda akakataa kata kata, akashuka na mapipa mawili ya baruti kwenda kwa Bey. Kundi likagawanyika na mie sikuwa na ukurasa hata mmoja wa jambo hilo, nikaangalia kadi tu: Bey sasa ana baruti, Wareno hawana rubani, siku ni ya nne. Jibu likaja lenyewe. Jahazi lilitoka na watu sabini na moja, wakarusha dadu kwenye mlango wa bahari wakapata nane, tanga likachanika.

Tulipomaliza wa boda akauliza, na Bey wa kweli aliishaje? Nikamwambia Wareno waliwaachia Wazimba wakavuka, mji ukavamiwa, Bey akakimbilia mashua za maadui zake wale wale, wakamkamata, wakampeleka Lisbon, na huko akabatizwa. Akakaa kimya, kisha akasema, "Na baruti yangu yote ile."

Zamu yangu ijayo nataka 1631. Yusuf bin Hasan, sultani alolelewa na Wareno huko Goa akarudi na jina la Jerónimo, akawageukia akawanyang'anya ngome, na mwaka ulofuata akapanda meli akawa haramia yeye mwenyewe. Kadi nimeshaanza kukata. Wa boda ameshanitumia meseji: yeye yuko upande wa sultani, lakini ataka kujua kwanza sultani alipa nini.