Nilivyompinga mkuu wa kikosi na akanisikiliza

Rafiki yangu mmoja alinipa ushauri ambao mpaka leo unanikera: "Wanajeshi hawabishiwi. Sikiliza wanachotaka, waandikie hicho hicho, chukua posho yako." Kama ni hivyo, mtaalamu wa nje anaitwa wa nini?

Nafundisha takwimu za afya chuoni. Niliitwa na kikosi kimoja cha nyanda za juu ambako malaria haikukoma licha ya kupuliza dawa kila kona. Walitaka kujua tu wapulize mara ngapi zaidi. Nikauliza nani aliwashauri kupuliza. Kumbe ni yule yule aliyewauzia dawa! Nikakataa posho, nikapokea nauli tu. Na wewe ukiitwa fanya hivyo, maana mtu asiye na chake pale husema bila kumung'unya.

Niliomba daftari la zahanati, lile lenye madoa ya chai, pamoja na rejista ya likizo. Nikayaweka sambamba, nikapitisha rula mstari kwa mstari: tarehe ya homa huku, tarehe ya kurudi kule. Wengi waliugua ndani ya wiki mbili baada ya kutoka Tabora, Geita au Mtwara. Tangu mtu aumwe na mbu mpaka homa ya malaria ianze, kwa kawaida hupita siku 7 hadi 14. Walikuwa wakirudi nayo.

Kikaoni sikuanza na hayo. Niliwapa kisa cha Waingereza mwaka 1941. Ndege zao zilidondoshea nyambizi za Wajerumani mabomu yaliyotegwa kulipuka futi 100 chini ya maji. Mwanafizikia E. J. Williams, aliyefanya kazi na mwanafizikia mwenzake Patrick Blackett, akapiga hesabu: nyambizi inayoshambuliwa mara nyingi ndiyo kwanza inaanza kuzama, hivyo bomu huipita na kulipukia chini mno. Kina kikapunguzwa, hatimaye kikawa futi 25, na nyambizi zilizoangamizwa zikaongezeka. Bomu lile lile, ndege ile ile.

Meja mmoja akauliza, "Sasa sisi tunakosea wapi, Daktari?" Nilikuwa nalisubiri swali hilo. Nikampa rula na madaftari asome mwenyewe, kwa sauti. Alisoma majina kadhaa, akanyamaza, akamgeukia mkuu: "Afande, hawa wote wametoka likizo." Ningesema mimi, ungeonekana ubishi wa raia.

Mkuu akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwamba tarehe nina uhakika nazo, ila daftari halimwonyeshi aliyeugua akanywa dawa kimya kimya bwenini. Naamini jibu hilo lilimgusa kuliko takwimu zote. Nikapendekeza anayekwenda likizo apewe chandarua chenye dawa, na anayerudi akapata homa apimwe siku hiyo hiyo.

Jioni ile tabibu wa zamu alichora safu mbili mpya daftarini: umetoka wapi, umerudi lini. Kupuliza dawa mkuu alikupunguza, hakuacha kabisa. Uamuzi huo ulikuwa wake, na sikumbishia.