Kanu kwenye tundu la hondohondo

Juzi mwanangu alirudi na zoezi la sayansi: chagua ndege mmoja wa msituni na mnyama mdogo mla nyama, uwalinganishe. "Mama, niandike nani?" Nikamjibu papo hapo: hondohondo na kanu. Kisha nikanyamaza. Akilini nilikuwa nimesharudi utotoni, Amani, milimani Usambara, kwa babu.

Mwaka ule hondohondo jike alijifungia kwenye tundu la mti nyuma ya banda la kuku. Dume alimletea udongo, jike akaziba mlango kwa ndani, ukabaki ufa mwembamba. Tangu hapo dume ndiye aliyelisha. Ulimsikia kabla hujamwona, mbawa zikivuma juu ya vilele. Akitua, alitoa kooni tunda moja moja na kulipenyeza ufani. Chini ya mti mbegu za mhesi zilitapakaa, nyingine zimeshachipua.

Usiku mmoja wa mbalamwezi babu aliniamsha. "Njoo, usikohoe."

Kanu alikuwa ameng'ang'ania shina, mkia wa pete unaning'inia. Nikaanza kuhesabu pete; nilifika ya saba wingu likapita. Mwanga uliporudi, pua ilikuwa imeshafika kwenye ufa. Akanusa. Akapenyeza mguu wa mbele polepole, kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati. Ndani ikachomoza ncha ya mdomo: ko! Kanu akarudi nyuma. Akajaribu tena. Ko! Chembe za udongo zikadondoka, nami nimeng'ata pindo la shuka la babu. Kiambaza kikahimili. Kanu akateremka kichwa mbele, akapotelea migombani.

Nikapiga makofi. Babu hakupiga.

Siku tatu baadaye kuku wawili waliuawa, babu akatega. Asubuhi kanu alikuwa mtegoni, amekufa, mwepesi kuliko nilivyodhani. Babu alimgeuza kwa fimbo. Chuchu zimejaa, manyoya yaliyozizunguka yamelowa.

"Huyu ananyonyesha," akasema.

Tuliwatafuta watoto migombani na kwenye magogo hadi adhuhuri. Hatukuwapata. Wiki kadhaa baadaye hondohondo alibomoa kiambaza akatoka, na kinda nyuma yake. Sikupiga makofi.

Kwenye safu ya kufanana mwanangu ameandika kwamba wote wawili hula matunda. Ni kweli, kanu hula matunda pamoja na panya na ndege. Nikamwambia aongeze: wote wawili hulea. Akaniuliza aandike nini kwenye safu ya tofauti. Daftari bado liko mezani, safu ile iko wazi.