Kumbe si miye

Harusi ya Fatma imekwisha salama, wageni wa Faza wamepanda mashua wamerudi kwao, na nyumba nzima imelala. Mimi usingizi haunijii. Kuna maneno ya Bi Zubeda hayataki kunitoka, na nimeona niyaandike.

Bi Zubeda mnamjua, nimemtaja hapa mara nyingi. Ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi kule Langoni, hapa Lamu, huuzia watu wa Pate na Siyu saruji, mabati na misumari, wachache kwa taslimu, wengi kwa deni. Tangu Ami Shee, mwenye duka, alipoingiza programu ya madeni, lile daftari lake kubwa lenye jalada la kitambaa limefungiwa kabatini. Programu iliandikwa na fundi ambaye sasa amehamia Mombasa. Ni ya Windows Forms, zana za kutengenezea programu za madirisha ya Windows, imeandikwa kwa lugha ya C#, na mimi ndiye niliyeombwa kuitunza.

Malalamiko yaliyonifikia mwanzo hayakuwa juu ya programu. Ami Shee aliniita barazani, akasubiri wapita njia wapite, ndipo akasema, "Deni moja huandikwa mara mbili. Mteja anakuja kulipa, anakuta anadaiwa mifuko ishirini ya saruji na yeye alichukua kumi." Nikamuuliza hutokea lini. Akanyamaza kidogo. "Nikiwapo, hakosei. Nikenda Mombasa kufuata mzigo, ndipo hukosea. Ungekuwa wewe, ungewaza nini?"

Sikumjibu. Nilijua alichokuwa akiwaza, na nilijua pia kwamba ufunguo wa saraka ya pesa alikuwa ameshauchukua. Bi Zubeda alikuwa akipokea pesa na kumkabidhi kijana wa Ami Shee aziweke. Mwanamke aliyekaa kwenye meza ile tangu mimi sijaanza shule.

Nikenda kukaa naye. Nilitaka nimuone akifanya kazi, bila kumuuliza maswali ya kumtisha. Akaniambia mwenyewe, "Hii huganda, mwanangu. Huwa nyeupe. Sasa naigusa polepole." Na kweli, alikuwa akibonyeza kitufe kwa ncha ya kidole, taratibu, na kabla ya kubonyeza midomo ilikuwa ikisoma bismillahi. Kisha akasema, bila kunitazama, "Labda mkono wangu mzito. Wao husema mkono wangu mzito."

Hapo ndipo nilipopandwa na hamu ya kuifungua programu ile mpaka mwisho.

Kwa wale msioandika programu: dirisha la Windows lina uzi mmoja wa kazi unaolihudumia. Ukibonyeza kitufe, ukiandika herufi, ukisogeza dirisha lingine likaondoka juu yake, Windows hutuma ujumbe, na ujumbe wote hupanga foleni moja. Uzi ule huchukua mmoja, hufanya kazi yake, huchukua wa pili. Ni kama mashua yenye nahodha mmoja: akishuka pwani kumtafuta abiria aliyechelewa, waliomo ndani hawaendi popote. Uzi ukipelekwa kusubiri kitu, hakuna wa kupokea kubonyezwa wala wa kuchora. Zikipita sekunde 5 bila kuchukua ujumbe hata mmoja, Windows huhesabu kwamba programu imekwama, hulifunika dirisha kwa kivuli cheupe na kuongeza kwenye kichwa chake maneno ya Kiingereza ya kusema haijibu. Bi Zubeda hasomi Kiingereza. Alichokuwa akikiona ni weupe tu, umekuja baada ya yeye kugusa.

Msimbo wa kitufe cha Hifadhi haukuwa mrefu. Mstari wa kwanza huandika deni kwenye hifadhidata, ambayo imo ndani ya kompyuta ile ile ya Bi Zubeda, kwa hiyo humalizika mara moja. Mstari wa mwisho huchapisha risiti. Na printa iko ghorofani, chumbani kwa Ami Shee, imeunganishwa na kompyuta yake yeye, wa chini wanaifikia kupitia mtandao. Ami Shee akisafiri hufunga chumba na kuzima kompyuta.

Nilipolitambua hilo nilisimama. Nilikuwa peke yangu dukani, Bi Zubeda amekwenda kusali adhuhuri, nikasimama na kukaa tena.

Basi mambo yalikwenda hivi. Mwenye duka hayupo. Bi Zubeda anabonyeza Hifadhi. Deni linaandikwa. Uzi wa dirisha unakwenda kuitafuta printa kwenye kompyuta iliyozimwa, na unakaa huko ukingoja mpaka mtandao wenyewe ukate tamaa. Weupe. Nje punda wamekwisha kupakiwa, mwenye mashua anapiga kelele maji yanatoka, mteja anataka risiti. Bi Zubeda anasubiri, anasubiri, analifunga dirisha kwa nguvu, anaifungua programu upya. Fomu iko tupu, risiti hakuna, hakuna neno lolote la kumwambia kwamba deni lilishaingia. Analiandika tena. Mtu yeyote mwenye kujali kazi yake angeliandika tena.

Na kuna kitu kiliniuma zaidi. Fundi yule alikuwa ameweka, mstari mmoja kabla ya kuchapisha, lebo ya kusema «Inachapisha, tafadhali subiri». Imo kwenye msimbo, nimeiona kwa macho yangu. Haikuwahi kuonekana pale ilipohitajika, kwa sababu kuchora lebo nako ni ujumbe unaongoja kwenye foleni ile ile, nyuma ya kuchapisha. Maneno ya kumtuliza yalikuwapo muda wote na hayakumfikia.

Sikutaka kwenda kwa Ami Shee na nadharia. Windows huweka kumbukumbu, wengi hawaifungui: programu iitwayo Event Viewer, upande wa Application. Programu iliyokwama na kufungwa huandikwa pale kwa chanzo kiitwacho Application Hang, nambari 1002, na saa yake na dakika yake. Nikazitoa zote. Kisha nikayatoa madeni yaliyojirudia kutoka kwenye hifadhidata, nayo yana saa zake. Nikaziandika kwenye karatasi, safu mbili kwa kalamu. Kila palipokuwa na deni lililojirudia, la kwanza limeingia, baada yake kidogo 1002, baada yake deni la pili. Hapakuwa na hata moja lililotoka nje ya mpango huo.

Bi Zubeda alipotoka kusali nilimwekea karatasi mbele yake.

"Bi Zubeda, tazama. Hapa umehifadhi. Hapa imeganda. Hapa umeandika tena."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la leso, akaivaa. Kidole chake kikashuka kwenye safu, mstari kwa mstari, akizitikisia kichwa tarehe.

"Hii siku ya mabati ya yule wa Siyu."

"Naam."

"Na hii alikuwa Mombasa."

"Zote alikuwa Mombasa, mama. Kompyuta yake ikizimwa, printa haipatikani, na programu hungoja printa. Deni lilikuwa limeshaingia."

"Kwa hivyo mkono wangu…"

"Mkono wako haukufanya kitu."

Akakaa. Akasema, "Kumbe si miye." Hakuniambia mimi. Alikuwa akitazama mlangoni, kule jua linakoingilia. Halafu akavuta rundo la ankara akaendelea kuzipanga.

Hayo ndiyo yanayonirudia. Nikiosha vyombo nayasikia, nikimvisha Nasra kanga ya kulalia nayasikia. Sauti haikuwa ya furaha, hapana, wala haikuwa ya hasira. Nimejiuliza alikuwa akimwambia nani. Nimewaza labda alikuwa akijiambia mwenyewe, maana miezi yote ile alikuwa amekubali. Huo ndio uzito wake. Wengine walimshuku, lakini yeye pia alikuwa ameshaamini, akaanza kuigusa mashine kwa ncha ya kidole na kuisomea. Na hilo silisamehi kwenye programu. Ikianguka na kutoa ujumbe wa kosa, angalau mtu anaona kwamba kuna kitu kimevunjika. Ikiganda kimya, aliye mbele yake ndiye anayebaki kuwa mshukiwa.

Kuirekebisha kulinipa raha ambayo sijaipata kazini siku nyingi. Kuchapisha nimekuondoa kwenye uzi wa dirisha, nikakupeleka pembeni kwa Task.Run, amri ya kuupa uzi mwingine kazi, na mbele yake await, neno la kuingoja kazi hiyo bila kuuziba uzi wa dirisha. Huu utaratibu wa async na await umo kwenye C# tangu 2012 na bado naukuta umerukwa kwenye programu zilizoandikwa juzi. Uzuri wake ni kwamba kazi ya pembeni ikiisha, mistari inayofuata hurudi yenyewe kwenye uzi wa dirisha, kwa hiyo lebo unaibadilisha bila wasiwasi. Ila usije ukaandika .Result au .Wait(), amri za kusimama na kungoja, kwenye uzi wa dirisha, maana utaurudisha kule kule kwenye kungoja, na mara nyingine pande mbili hungojana zisiachane kabisa.

Nikakuta na jingine. Orodha ya wadaiwa fundi alikuwa ameipakia kwa uzi wa pili, wazo zuri, lakini uzi huo ulikuwa ukiligusa jedwali moja kwa moja. Windows Forms haikubali: kila kitu kilichomo dirishani huguswa na uzi uliokiumba peke yake. Ukiiendesha ndani ya Visual Studio, programu tunayoandikia msimbo, ukiwa unaichunguza, hukutupia kosa la InvalidOperationException papo hapo. Yeye, ili kelele zikome, aliandika CheckForIllegalCrossThreadCalls = false, mstari wa kuuzima ukaguzi huo. Na nje ya uchunguzi, kwenye kompyuta ya mteja, ukaguzi huo huwa umezimwa hata usipouzima, kwa hiyo dukani hakuna wa kusema kitu: jedwali linajichora nusu, safu zinapotea, leo hivi kesho vile. Nimeufuta mstari ule. Makosa yakamwagika, nikayafuata moja moja, kila panapoguswa jedwali nikapitisha kwa BeginInvoke, amri ya kuirudisha kazi kwenye uzi wa dirisha. Nayapenda makosa yanayojitokeza namna hiyo, yanakuonyesha mstari na jina.

Kitufe cha Hifadhi sasa hujizima mara kinapobonyezwa. Lebo husema «Deni limeingia. Risiti itatoka printa ikipatikana.» Na programu ikifunguliwa, kitu cha kwanza kuonekana ni ankara za mwisho zilizohifadhiwa, na saa zake, kwa maandishi makubwa. Hilo la mwisho aliliomba Bi Zubeda mwenyewe: "Niwekee nione nilichofanya, mfano wa daftari." Ndilo bora kuliko yote niliyoyafanya mle ndani.

Ami Shee alirudi Jumatano. Nilikuwa nimejitayarisha. Nikampa karatasi, nikamweleza kwa utulivu, nikampandisha ghorofani nikamwonyesha printa, nikazima kompyuta yake mbele yake tukashuka kuijaribu. Akaelewa, ni mtu mwerevu, alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Akasema, "Mashine hizi nazo." Akaniuliza printa ndogo ya kuweka chini ni bei gani. Akanilipa, akaniongezea na samaki wa kupeleka nyumbani.

Na Bi Zubeda alikuwa pale pale, mezani kwake, hatua chache. Ami Shee hakugeuka. Hakusema "Bi Zubeda, kumbe". Hata ile heshima ya kumwambia "pole". Nilibaki nimesimama na mfuko wa samaki nikingoja aseme, na hakusema, na mimi mdogo kwake, yeye rafiki wa marehemu baba, nikashindwa kupata maneno ya kumfundisha adabu mtu mzima mbele ya vijana wake.

Leo asubuhi nimepita makusudi. Programu inakwenda vizuri, alhamdulillahi. Bi Zubeda ananibonyezea kitufe kwa kidole kizima nione. Ufunguo wa saraka bado uko shingoni kwa yule kijana. Nimeamua kesho baada ya sala ya Ijumaa nitakwenda nyumbani kwa Ami Shee, nikae na mkewe Bi Amina kwanza, maana yeye hujua kuliingiza jambo. Nikirudi mikono mitupu, nitamwambia mwenyewe, na adabu yangu yote, lakini nitamwambia.

Jengine ni boriti ya nyumbani kwetu. Yusuf alipopanda kuteremsha mikeka ya harusi ameona unga chini ya boriti ya tatu kutoka dirishani, chumba cha juu. Amegonga kwa kisu, kisu kimeingia. Mchwa. Fundi amesema boriti moja huwa haitoki peke yake, itabidi sakafu ya juu ifunguliwe, na mvua za masika hizi hapa. Mama tumemwomba ahamie chumba cha chini, amekataa, anasema chini hakuna upepo. Usiku huu amelala pale pale. Nimemsogezea kitanda upande wa mlango, na yeye akinyanyuka tu hukirudisha dirishani.